Seva Isiyomjua Mjomba

Fundi wa programu alikuwa ameibana simu kwa bega, macho kwenye skrini, na upande wa pili mjomba wake akihema.

"Mama, hili dude linaniuliza tena mimi ni nani."

"Ingiza namba ya siri upya, mjomba."

"Nimeingiza mpaka kidole kimeota sugu. Nikikaribia kuchagua siku, linanifukuza kama mbuzi aliyeingia jikoni."

Mjomba alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Daktari bingwa angekuja hospitalini kwa juma moja tu, na nafasi za upasuaji zilikuwa zikigawiwa asubuhi ile kwenye tovuti. Aliyeiandika tovuti hiyo ni yeye fundi.

Na kosa alilijua, ndilo lililomkata maini. Kila ukurasa unaofungua, unaifikia seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti, kama mgeni asiyewahi kuonekana. Kwa hiyo alikuwa amempa kila mtu alama, na kwa alama hiyo seva ikakumbuka jina lake na yote aliyokwisha kujaza. Ila kumbukumbu hizo alizihifadhi ndani ya seva yenyewe. Seva ilipokuwa moja, mambo yalikwenda shwari. Sasa wakubwa, kwa kuogopa msongamano, walikuwa wameongeza ya pili bila kumwuliza, na watu wakawa wanagawanywa huku na huku. Aliyejitambulisha kwa ya kwanza akiangukia ya pili, inamkana mchana kweupe.

Alimkimbilia meneja.

"Tuzime ya pili, bosi."

"Moja italemewa, ianguke, tukose wote."

"Basi niziwekee hifadhi moja ya pamoja. Nitaziwasha upya tu."

"Na walio ndani?"

"Watatoka," alikiri.

"Hapo umejijibu. Usiguse kitu mpaka nafasi ziishe."

Alirudi mezani. Alijaribu kumwandikisha mjomba mwenyewe. Naye akatupwa nje. Akajaribu tena, akatupwa tena. Kumchomeka kinyemela hakuweza, maana ruhusa ya kuigusa orodha alikuwa nayo meneja peke yake. Akabaki kutazama nafasi zikipungua, zikiwaendea wale ambao bahati iliwarudisha kila mara kwenye seva ileile.

Simu ikaita.

"Mama, kimetokea kitu chekundu. Siyaoni vizuri maandishi. Ndiyo nimepata?"

Alifumba macho. "Hapana, mjomba. Zimejaa."

Mzee akajikohoza. "Haya. Labda mimi ndiye nilikosea kubonyeza."

"Hukukosea, mjomba. Ni mashine."

"Mashine yako haiwezi kukosea bwana! Mimi ndiye kipofu."

Alimbishia, akamweleza habari ya seva mbili, lakini mzee alishikilia kuwa kidole chake ndicho chenye makosa, kana kwamba anamtetea mpwa wake kwa mtu mwingine.

Alasiri meneja akampa ruhusa. Fundi alizihamisha kumbukumbu kwenye hifadhi moja inayosomwa na seva zote mbili, akaziwasha upya, akaingia kujaribu. Tovuti ilimtambua ukurasa hadi ukurasa, ikamfikisha kwenye kalenda bila kumsumbua. Hapakuwa na siku hata moja ya kubonyeza.

Alimpigia mjomba kumwambia tovuti imepona.

"Ahsante, mama. Mungu akubariki. Na huyo daktari anarudi lini?"

Hilo hakuna aliyekuwa amemwambia fundi.