Kinyonga Atoka Kichakani

Madereva walimbandika askari huyu wa barabarani jina la Kinyonga, na jina likamkaa kama shati la kushonewa. Kazi yake ilikuwa kuchuchumaa na kamera ya mwendo nyuma ya kichaka, pale mteremko unapoishia karibu na shule, awanase wanaoporomoka kama jiwe. Hakuipenda. Magoti yalimuuma, siafu walimzoea, na kila aliyemsimamisha alimtazama kama mwizi. Lakini sajini wake alikuwa amesema, "Ukionekana, hukamati mtu," na amri ni amri.

Asubuhi moja kamera ikalia. Pikapu kuukuu, imesheheni viti vya plastiki vya kukodisha, ilikuwa imepita hamsini, kikomo cha mwendo cha pale. Kinyonga akaruka barabarani, mkono juu, filimbi mdomoni. Pikapu ikasimama, kioo kikashuka, na filimbi ikamdondoka.

Alikuwa mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya kuazima.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ofisi yenu ndiyo hii? Kichakani?"

"Mama, umekwenda... sitini na tatu."

"Basi niandikie. Kosa halichagui mkwe. Ila kwanza nioneshe hicho kibao cha hamsini, nikijue sura."

Wakarudi juu kwa pikapu. Kibao kilikuwepo, tena kikubwa, lakini matawi yalikuwa yamekimeza, ikabaki nguzo tu. Kinyonga alihisi masikio yakimuwaka. Siku zote hizo hakuwahi kupanda kukitazama.

"Kibao kimejificha, askari kajificha," mama alisema. "Sasa mnanizuia nisikimbie, au mnaniwinda? Anayetaka usitumbukie shimoni husimama juu akakupigia kelele. Hakungojei ndani ya shimo!"

Mama alikuwa na panga chini ya kiti, la kusafishia viwanja vya sherehe. Akamkabidhi. Askari akavua kofia, akapanda juu ya pikapu, akaanza kufyeka. Waliopita walipunguza mwendo wenyewe kwa mshangao: askari amejaa majani kichwani, na mama chini anamwongoza.

"Kushoto! Hapo hapo! Vidole viangalie, binti yangu atanidai mume mzima!"

Walipomaliza, Kinyonga alimwandikia faini yake, kisha akaenda kusimama kando ya barabara, peupe kabisa. Magari yakaja taratibu. Watoto wa shule wakavuka wakicheka. Dereva mmoja wa lori akampungia mkono, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu avae sare, naye akajikuta anapunga mikono yote miwili.

Punde sajini akatokea kwa pikipiki. "Umekamata wangapi?"

"Mmoja, afande."

"Mmoja tu? Nani?"

"Mama mkwe wangu. Yule pale."

Sajini akamtazama mama, akatazama kibao kinachong'aa, akatazama magari yanayojikongoja. Kicheko kikampanda hata akashikilia usukani wa pikipiki asianguke.

"Baki hapo hapo ulipo," alisema alipopata pumzi. "Mtu aliyeweza kumwandikia mama mkwe, ya nini tena kumficha?"

Jioni familia ilikusanyika mezani kwa mama. Habari ilikuwa imetangulia. Mke wa Kinyonga akaweka kijiko chini.

"Kweli umemwandikia mama yangu faini?"

Kinyonga, mdomo umejaa, akaacha kutafuna.

"Ameniandikia," mama akadakia, akimwongezea mkwewe nyama, "tena kwa mwandiko mzuri. Mwacheni ale."