Mwambie Mwanao

...na pasi ikabaki hewani, hakuishusha juu ya suruali wala hakuirudisha kwenye kibao chake, maana kijana alisikia vizuri, baba yake, fundi mzima mwenye miwani puani, amekigeukia kigoda kitupu na kusema, "Mwambie mwanao anywe chai, amekonda," kisha mguu ukaendelea kukanyaga cherehani kama hakuna neno, na mama wa duka la jirani, aliyekuja kuchukua suruali ya mumewe, akajifanya hakusikia, akainamia viatu vyake... kigodani hapo ndipo alipokuwa akikaa mama yake akishona vifungo, katikati yao, na maneno yote ya nyumba ile yalipita kwake, mwambie baba yako, mwambie mwanao, hata wakiwa watatu katika chumba ambacho ukinyoosha mkono unagusa ukuta, na yeye alidhani nyumba zote ziko hivyo, mpaka walipomzika, wakarudi, wakakaa, na kimya kikawakalia kama mgeni asiyejua kuaga, Mungu ampumzishe mama, amina... lakini siku moja, mama akiwa bado hai, alimsikia baba nyuma ya pazia kwa masikio yake, "Mwambie huyo mzembe ameniharibia kitambaa," na mama akatoka anatabasamu, "Baba yako anasema usijali, mkono utazoea," basi yale mazuri yote aliyoletewa, baba yako anakuombea, baba yako amefurahi, yalikuwa ya nani, ya baba, au ya mama aliyekuwa akipunguza hapa na kuongeza pale kama nguo ya mteja, na hili ndilo linalomkosesha usingizi tangu msiba, si kifo peke yake, kifo ni amri ya Mungu, ila hajui kama amefiwa na mzazi mmoja au wote wawili... "Fundi, hii itapita kwenye kitambi kweli, au nitafute mume mwingine?" mama wa duka akauliza, na baba akajibu, "Mlete mume tumpunguze, suruali haina kosa," wakacheka, tazama, kwa wageni ulimi anao, utani anao, na kijana usiku halali, zamani angemwambia mama hivyo, na mama angelipeleka neno, lingefika limelainika, sasa hana wa kumtuma... lakini ngoja, amekonda, nani kasema amekonda, mama hayupo, neno hilo hakuna aliyelipiga pasi, limetoka kwa baba likiwa na mikunjo yake yote, na bado ni neno la mtu anayemtazama mwanawe akila, akaona sahani inarudi na chakula, basi huenda na yale mengine, si yote, Mola ndiye ajuaye, huenda baadhi yalikuwa yake kweli... mama wa duka ameshakwenda, mkono unauma kwa uzito wa pasi, chai imeanza kuota utando, amgeukie baba, aseme, lakini shingo haikufunzwa kugeuka upande huo, macho yakaenda yalikozoea, kigodani, na akaisikia sauti yake mwenyewe, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa, "Mwambie baba silali," na cherehani ikanyamaza, na wote wawili wakakitazama kigoda, wakingoja.