Yule Mmoja Mwache

1.
"Piga picha zote," alisema Domongole, mwenyeji wa Mwende, akionyesha zizi zima. "Mbuzi, watoto, hata mlima ule. Yule mmoja mwache."
Yule mmoja alikuwa fahali mwekundu, pembe moja imepinda mbele, nyingine nyuma.
Mwende aliitikia kwa adabu zote. Kisha akasogea mbali, akabadilisha lenzi.

2.
TANGAZO
Umma unaarifiwa kuwa maonyesho ya picha za watu na mifugo wa bonde yatafunguliwa Jumamosi katika ukumbi wa mji. Wageni wanaombwa wasiguse picha.

3.
Ukutani:
Bibi akikamua mbuzi.
Watoto, meno yote nje.
Na kubwa kuliko zote, pale mlangoni, yule fahali, chini yake maandishi:
MAAJABU YA MAUMBILE. Zizi la Domongole, Kamolok.

4.
"Kwani pembe zinajiotea hivyo?" mgeni mmoja alimuuliza mwenzake.
"Wapi. Kijana akipewa fahali wake huzikunja mwenyewe tangu ndama, anavyopenda yeye, huku akimwimbia. Ukiziona umemwona mwenye fahali."
"Na huyu Domongole ni kijana?"
"Domongole? Ana wajukuu."

Mwende, chupa ya juisi mkononi, alisikia yote. Maumbile! Alitamani ardhi immeze.

5.
Wewe msomaji uliye nyuma, usisukume. Mpishe huyu mama. Ni Cheposera wa ng'ambo ya mto. Amekuja kuuza asali, akaingia ukumbini kukwepa jua.

Anaigusa picha.

Pembe.

Sikio.

Pembe.

"Ni fahali wa Krop wangu," anasema polepole. "Wezi wa mifugo walimchukua siku ile walipomuua mwanangu."

Nje, kwenye ngazi, wanawe wawili waliobaki wanamsubiri. Wao wamesoma.

6.
Asilojua Mwende: kama Domongole alimwiba fahali huyo, au alimnunua mnadani, au alimpokea kama mahari ya binti yake bila kuuliza maswali.
Anachojua: alilala kwake, akanywa maziwa yake, akapewa ngozi laini ya kulalia wakati mwenyeji akilala chini. Na aliombwa jambo moja tu.
Anaogopa: chini ya picha kuna jina la Domongole na mahali anapoishi. Anaiweka chupa sakafuni.

7.
Cheposera anashusha kidole hadi kwenye maandishi.
"Mimi sikusoma, mwanangu. Hapa pameandikwa nini?"
"Mama, ni…"
"Nisomee tu."
Mlangoni kivuli kinaingia, kisha cha pili. Mwende anasogea, anasimama mbele ya maandishi, mgongo wake ukiyafunika.
"Pameandikwa maajabu ya maumbile, mama. Basi."