Daktari wa Plastiki wa Nguvumali

Jumanne, tarehe tatu mwezi wa kumi na moja, saa mbili na nusu asubuhi, Semeni binti Uweso alikuwa wa tisa kwenye foleni ya mapokezi ya hospitali moja mjini Tanga. Alijua ni wa tisa kwa sababu alihesabu miguu, akagawa kwa mbili. Mbele yake palikuwa na raba zenye matope mekundu ya shambani, nyuma yake kandambili za kike zilizoungwa kwa waya. Kuanzia magotini kwenda juu hakuona kitu. Mwaka wa sita huu kidevu chake kilikuwa kimeshikana na kifua.

Aliungua kwao Moa. Jiko la mafuta ya taa lililipuka naye amebeba beseni la kijani kifuani, beseni likayeyukia shingoni, na kovu lilipokauka likauvuta uso chini taratibu, kila mwezi kidogo. Watu wa Moa walimhurumia mwaka mmoja, kisha wakazoea, kisha wakampa jina. Walimwita Bi Arusi, maana bi arusi peke yake ndiye anayekwenda ameinamisha kichwa namna ile. Yeye akawa anaitika. Angefanyaje? Aliwaamkia watu kwa kukisia visigino, na siku moja alimpa shikamoo kijana wa miaka ishirini kwa sababu ya magaga yake. Kijana akaitikia marahaba, mjinga yule.

Sasa bi arusi wa kweli alikuwa mwanawe, Hasina. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili. Nyumbani Hasina alizoea kukaa mkekani, miguuni pa mama yake, ili aonekane, na uso unaotazamwa kutoka juu haukui: Semeni alimwona vilevile alivyokuwa na miaka kumi na minne. Lakini bi arusi hakalishwi mkekani. Anaketishwa juu, kwenye kiti kilichoinuliwa, wanawake wote wamtazame. Semeni alitaka jambo moja tu, kumwona mwanawe amekaa juu.

Zamu yake ilipofika akasukuma cheti dirishani. Ndani alikuwemo Kristina, muuguzi ambaye Semeni alimjua kwa sauti, kwani miguu yake ilikuwa nyuma ya ukuta.

"Daktari wa upasuaji wa plastiki na kurekebisha maumbile," Kristina alisoma. "Mama, huyu hatuna. Mkoa mzima hatuna. Nilikwambia mwezi wa nane."

"Uliniambia, mwanangu. Na wale wa kambi?"

"Kambi ya madaktari bingwa ikiwepo, tangazo linabandikwa. Tazama ubaoni."

Semeni akatazama ubaoni. Ubao aliouona ulikuwa wa chini, karibu na ndoo ya taka, umeandikwa USITEME MATE. Ulikuwa uleule wa mwezi wa nane, na wa miaka yote kabla yake.

"Njoo kliniki tarehe kumi na nane," Kristina alisema. "Subira yavuta heri, mama."

Semeni alikuwa amechoka na subira. Na hiyo heri, mimi naona ilikosa nauli ya kufika Tanga.

Nje ya geti alikuta pikipiki na miguu ya dereva wake, Castory.

"Nipeleke kwa daktari wa plastiki, kama unamjua."

"Nani asiyemjua? Yuko Nguvumali," Castory alisema. "Panda, mama. Mgonjwa haulizwi uji."

Ni kweli alijulikana. Mzee Zabron, Mbondei wa Muheza, alikuwa na mwaka wa ishirini na saba akiziba ndoo, madumu na mabeseni barazani kwake, kwa kisu cha moto na vipande vya plastiki, na watani wake walimbandika udokta tangu zamani. Kisha wenye vyeti vya hospitali wakaanza kuuliza njia. Wa kwanza alipofika, Zabron alimweleza kwamba yeye ni fundi wa ndoo. Yule mtu akasema ametoka mbali na amechoka. Zabron akatia kisu motoni. Tangu hapo hakujieleza tena.

Siku hiyo barazani palikuwa na wateja wanne, wawili wenye ndoo na wawili wenye vyeti. Laurenti, mkata mkonge, alikuja kukazwa vidole vitatu alivyotiwa mwaka jana. Vilikuwa vya dumu la njano. Vilishika panga vizuri, ila jua lilikuwa linavipausha. Mwenye ndoo mmoja alilalamika kwamba foleni haiendi.

"Shikamoo," Semeni aliviamkia viatu vilivyosimama mbele yake.

"Marahaba, binti." Zabron alichuchumaa, akapapasa kovu, akanusa vidole vyake. "Hili beseni la kijani. La zamani, yale mazito. Siku hizi hayatoki."

"Lilikuwa katika vyombo vyangu vya harusi."

"Kuna kipande kilichobaki? Plastiki haipendi mgeni. Dumu kwa dumu, beseni kwa beseni. Nikikutilia jingine, litabanduka siku utakayocheka."

Semeni akarudi Moa. Alhamisi alikuja na nusu ya beseni, ambayo kuku walikuwa wakinywea maji. Zabron alimkalisha juu ya dumu, akapasha kisu kwenye mkaa, akakipitisha kati ya kidevu na kifua. Hakuna kilichouma ila mgongo, kwa kukalia dumu. Shingo iliachia kwa sauti ya kifuniko cha ndoo. Kisha alikata kiraka, akakipasha, akakilaza mahali pake na kukilainisha kwa mgongo wa kijiko. Alimaliza kabla mwenye ndoo aliyefuata hajamaliza kikombe chake cha kahawa.

Semeni akainua kichwa. Aliona uso wa mtu mzima aliyesimama, wa kwanza kwa miaka sita. Ulikuwa uso wa kawaida, wenye mvi na masizi.

"Usikae karibu na moto," Zabron alimwambia. "Ukiona ufa, usingoje, rudi. Na ujue mimi si daktari."

"Najua, mzee wangu. Lakini upo."

Harusini, wanawake wa Moa waliitazama shingo ya kijani wakasema imeoana na leso aliyovaa. Hasina aliketishwa juu, macho chini, kama alivyofundwa. Semeni akaenda kusimama mbele yake, kichwa wima, akaona utaji tu. Somo wa Hasina, mwanamke aliyemfunda, akamnong'oneza bi arusi wake asiinue uso. Hasina akauinua, akamtazama mama yake.

Ulikuwa uso wa mwanamke. Chini ya kidevu palikuwa na kovu dogo, la zamani, ambalo Semeni hakujua lilitoka wapi. Alilia kwa furaha, na kwa uchungu wa kutojua, na machozi yakateremka upesi kwenye kiraka, kwa sababu plastiki hainyonyi maji.

Tarehe kumi na nane alikwenda kliniki, maana hakuwahi kukosa tarehe. Safari hii alihesabu vichwa. Alipofika dirishani akaona, juu ya dirisha, ubao mkubwa wa mbao ambao hakuujua. Palikuwa na karatasi: kambi ya madaktari bingwa, upasuaji wa plastiki, makovu ya moto, midomo sungura, vidole vilivyoshikana, tarehe tisa hadi kumi na moja, bila malipo. Nyuma yake ilichungulia karatasi ya mwaka jana, yenye maneno yaleyale. Akanyoosha mkono, akafunua pembe moja baada ya nyingine. Zilikuwa sita. Ya chini kabisa ilibandikwa miezi minne baada ya yeye kuungua.

"Hili lilikuwepo Jumanne ile?"

"Lilikuwepo," Kristina alisema. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala vya kutosha. "Si nilikwambia utazame ubaoni? Nilidhani umeona." Akaitazama shingo. "Nani kakutibu?"

"Daktari wa plastiki."

Kristina akaandika ametibiwa.

"Ungeushusha huu ubao, mwanangu."

"Uko hapo tangu jengo lijengwe, mama. Kuushusha ni mpaka iandikwe barua."

Semeni alikuwa na hasira ya miaka sita na hakuona pa kuiweka. Kwa mazoea akatazama chini. Nyuma yake aliona kandambili za kike zilizoungwa kwa waya. Akapandisha macho taratibu, gauni, mikono, mpaka kwenye kidevu kilichoshikana na kifua.

"Dada," mwenye kandambili alimwuliza, "ubaoni wameandika nini?"

"Kambi imepita wiki iliyopita."

"Basi mpaka mwakani."

Semeni alimshika mkono. "Ulipoungua, ulikuwa umebeba nini?"

Yule dada alifikiri. "Ndoo. Ya bluu."

"Kuna kipande kilichobaki?"

"Kipo. Tunafunikia mtungi."

Wakatoka pamoja kumtafuta Castory. Nyuma yao Kristina alikuwa akimwambia mtu mwingine atazame ubaoni.