Unga wa Nauli

Mimi Theopista sijawahi kuwa mjinga. Mtu akikata mche wa sabuni kwa waya halafu akaenda kuanika vipande juu ya paa la jiko, ajue nimemwona.

Mtu mwenyewe ni mkwe wangu Nyanzala, mke wa mwanangu Anicet. Ulikuwa mwaka ule wa vita ya Kagera, na sabuni ilikuwa imepotea madukani. Nilimuuliza kwa nini anaanika sabuni kama dagaa. Akanijibu, kwa adabu zote za kwao Usukumani, kwamba sabuni ikikauka haiishi upesi. Haya. Lakini jirani yetu Marsela aliniambia mwaka uliopita hakumwona akianika. Mwaka uliopita sabuni ilikuwepo kila duka la Kashaulili, ila hilo Marsela hakulitaja na mimi sikuliuliza.

Nilikwenda mjini, mtaa wa Makanyagio, kwa Anicet, kwa sababu sikuwa na pengine. Nyumba yetu ya zamani tuliiacha porini tulipohamishiwa kijijini, Usevya. Ile ya kijijini mume wangu alifariki kabla hajaiezeka vizuri, na masika ya kwanza tu ukuta mmoja ukalala chini. Shemeji yangu Ponsian akachukua majaruba yetu ya mpunga ili anitunzie, akayatunza moja kwa moja. Basi Anicet, ambaye ni kibarua wa reli, akanifuata na lori. Alisema hapa ni kwako, mama. Nyanzala alipiga magoti akanisalimia, akapokea mzigo wangu. Lakini kukaribishwa na mwanao si kukaribishwa na mwenye jiko, kila mwanamke anajua hilo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sikupewa. Nikishika mchi naambiwa pumzika, mama. Nikichukua ndoo, pumzika, mama. Anayetaka ukae kwake anakupa kazi. Anayekuambia pumzika kila siku, huyo anakuhesabia siku, na mimi nikawa naogopa. Wakinirudisha Usevya nitalala wapi, chini ya ukuta ulioanguka?

Kwa hiyo nikaanza kumchunguza. Maharage aliyaloweka tangu jioni na kuyatia magadi, eti yaive kwa kuni mbili. Ugali ukiiva tu, anachomoa kuni kwenye mafiga na kuzifukia majivu, wakati mimi bado nataka kuota moto. Nguo alifua kwa majani ya mpapai. Chai ilikuwa ya asali ya Inyonga, na sukari ya foleni imefungiwa kwenye sanduku. Ukoko haukutupwa, ulilowekwa ukawa uji wa asubuhi. Siku moja tunasali rozari, tuko fumbo la tatu, akapuliza kibatari. Akasema Mungu anatuona hata gizani. Sijawahi kusikia.

Kila kitu kilibanwa, na kila kilichobanwa mimi nilikiona kimebanwa kwa ajili yangu. Kabla sijafika walikuwa wanne, yeye na Anicet na watoto wawili. Wa tano ni nani?

Halafu nikaona habari ya unga. Kila akipima unga wa ugali, anachota kiganja kimoja na kukirudisha kwenye chungu kidogo nyuma ya kinu, halafu anafunika na ungo. Kiganja mchana, kiganja jioni. Mama zetu huku kwetu Mpimbwe walifanya hivyohivyo, wakasema ni cha mgeni, lakini cha mgeni huwekwa peupe. Chungu kikijaa, Nyanzala alikibeba Jumamosi mpaka kwa Marsela, ambaye alikuwa anawapikia vibarua wa stesheni, akarudi nacho kitupu. Hela sikuiona imekwenda wapi.

Nilimpelekea Marsela kikombe cha asali ya nyumba ileile ili nimlegeze ulimi. Hakuchukua muda.

"Mkwe wako anaweka nauli," akasema.

Sikumuuliza ya nani. Nimuulize nini? Katika nyumba ile mwenye mzigo ambao bado umefungwa kamba nilikuwa mimi. Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye mkeka, na hasira ikanipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka. Haba na haba hujaza kibaba, kumbe kibaba chenyewe ni cha kunifukuzia mimi. Nikasema hakitajaa.

Toka siku hiyo niliharibu. Sitaki kuficha, maana hata padri nimeshamwambia. Nilioga kwa kipande kizima cha sabuni, nikikiacha kielee kwenye beseni mpaka kinakuwa uji. Kuni nilisukuma zote motoni. Ukoko niliwatupia kuku. Kibatari niliwasha jua likiwa bado juu ya miti, nikakaa mbele yake kama mtu anayesoma, na mimi kusoma sijui. Nyanzala aliona yote. Alikuwa anakuja, anazima, anaondoka. Nilitamani anitukane ili nipate la kumwambia Anicet, lakini hakunipa.

Ndipo ikafika siku aliyompeleka mtoto mdogo kliniki. Nikafunua kile chungu, kimejaa mpaka mdomoni. Nikatia sufuria kubwa motoni, nikasonga ugali wote. Nikamwita Marsela, nikawaita wanawake waliokuwa wanapita na ndoo za maji, tukala na mlenda mpaka tukashiba. Niliwaambia mkwe wangu ana mkono wazi, leo kaniambia niwakaribishe nyie wote. Wakamsifu kweli.

Nyanzala aliporudi alikuta chungu kimefudikizwa uani. Alikitazama, akamweka mtoto chini, akakiosha, akakirudisha nyuma ya kinu. Hapo ndipo nilipoogopa kidogo. Wiki ile, kwa vile nilivyokuwa nachota unga kwa fujo akigeuka tu, debe la nyumba liliisha kabla ya mshahara. Akanunua lingine. Kwa hela gani, sikujiuliza.

Jumapili, tumetoka misani, Anicet yuko nyumbani, tumekaa tunakula. Nikaona bora liwe liwalo. Nikamwambia mwanangu mbele ya mke wake kwamba nimechoka kuviziwa, kwamba nimejua nauli yangu inawekwa, na kama ninyi mmenichoka mniambie mkiwa wawili, sio kunipimia unga wa kuondokea. Anicet akashangaa kwelikweli. Akauliza nauli gani.

Nyanzala aliinuka akaingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Akakiweka kwenye mkeka.

"Ilikuwa nauli yangu, mama," akasema. "Mimi na watoto, treni mpaka Tabora, halafu Shinyanga, nikae kwa mama yangu mpaka moyo utulie. Tangu uje sijapika chungu usichokifunua. Nikilala naota unaniangalia."

Mkono wa Anicet ulisimama na tonge. Akamuuliza kama ni kweli alitaka kuondoka bila kumwambia. Akasema ni kweli, angemwambia siku ya kukata tiketi, maana Anicet akijua mapema angeniambia mimi mama yake. Halafu akanigeukia mimi, akakisukuma kile kitambaa mpaka kikafika gotini kwangu.

"Nimetoa humo hela za unga. Shinyanga haifiki tena. Usevya inafika. Sikufukuzi, mama. Ila mmoja wetu akapumzike."

Niliwaza mambo mengi ya kujibu, na yote yalikuwa makali. Lakini nilikuwa namsubiri mwanangu. Angesema mama, kaa, neno hilo moja tu, ningekaa, hata kama Nyanzala angenilisha majivu. Anicet alitazama ugali. Alitazama mlango. Akarudisha tonge kwenye sahani, akanawa mikono.

Iliniuma, jamani. Nimezaa watoto saba na amebaki huyo.

Nikaokota kitambaa. Nilifanya kwa kiburi, nikidhani watanikimbilia kuninyang'anya, na hawakunikimbilia. Jumanne nikapanda lori pale Kashaulili. Nyanzala ndiye aliyenibebea mzigo kichwani mpaka kwenye lori, na ndani yake aliniwekea sabuni, chumvi na chupa ya asali. Alilia. Mimi nilimtazama sana yale machozi nione kama ni ya kweli.

Sasa niko Usevya. Ponsian aliogopa maneno ya watu wa kanisani, akanijengea upya ule ukuta na kunirudishia jaruba moja. Nakula, sina njaa. Lakini nikikaa peke yangu jioni najiuliza. Lile fundo lilikuwa limepungua kweli? Au lilikuwa la Usevya toka mwanzo, na ile Shinyanga ilikuwa maneno tu ya kunifanya nitoke kwa miguu yangu? Mwanamke anayejua kutoa nauli kwenye kiganja cha unga hashindwi kupanga hilo. Mbona mpaka leo hajaenda kwao? Amekaa palepale, na amezaa mtoto wa kike. Wamempa jina langu. Niliposikia nilijiuliza wanataka nini.

Anicet alikuja mwaka juzi baada ya mavuno, lori likamshusha asubuhi na lingempitia jioni. Alikaa hapa mlangoni siku nzima akizungukazunguka maneno, mara bei ya dagaa, mara kazi ya reli. Jua lilipoanza kushuka ndipo akasema alichotumwa.

"Mama, Nyanzala anasema urudi nyumbani. Anasema amekosa wa kushinda naye."

Kitu nilichokitaka kuliko vyote kilikuwa kimekaa mbele yangu na viatu vya vumbi. Ningeinuka tu nikafunga mzigo.

"Amesema mwenyewe," nikamuuliza, "au wewe ndiye umemsemea?"

Akasema amesema mwenyewe. Nikamuuliza alisema wapi. Akasema jikoni. Nikamuuliza nani mwingine alikuwepo akasikia. Nikamuuliza alikuwa amekasirika au anacheka. Anicet aliweka kikombe chini, akajifuta uso kwa mikono yote miwili, na nikaona amezeeka, mwanangu, ana mvi pembeni. Barabarani lori likapiga honi.

Nilimwambia nitafikiria. Akapanda. Hii sasa ni masika ya pili, hajauliza tena, na mimi bado nafikiria.