Makochi ya Seremala

Mama alikuwa akipiga pasi nguo za watu, na mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Ni miezi minne sasa tangu tumzike. Nakiandika kisa cha makochi kama kilivyokuwa, kwa sababu nimeanza kusikia watu wakikisimulia kwa chumvi nyingi, na Mama hakupenda chumvi.

Mwaka ule serikali ilibadili utaratibu wa ustawi wa jamii. Zamani orodha ya kaya za kusaidiwa iliandikwa na mwenyekiti wa mtaa kwa mkono wake, na binamu zake walikuwa wengi. Sasa orodha hiyo ilifutwa. Maafisa wangepita nyumba kwa nyumba wakiuliza kila mtu maswali yale yale, tableti ingejumlisha alama, na kaya ingepita au isingepita. Hakuna cha binamu wala shemeji.

Sisi tulitaka kitu kimoja tu: muuguzi wa nyumbani. Baba alikuwa amepigwa na kiharusi, na upande wake wa kulia haukuwa wake tena. Mama alimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, na mgongo wake mwenyewe ulikuwa umeanza kugoma. Baba alikuwa ameshatokwa na kidonda kiunoni kwa kulala. Utaratibu mpya ulimpa mgonjwa kama yeye muuguzi mara mbili kwa wiki, mradi kaya yake imepita.

Ilipotangazwa kwamba afisa atafika Jumatano, Mama aliiangalia sebule. Ilikuwa na meza ya kupigia pasi, stuli mbili na mkeka.

"Mgeni wa serikali ataketi wapi?"

"Kwenye stuli, Mama."

"Stuli ile inayumba. Akianguka tutaambiwa tumempiga."

Kufikia Jumanne jioni, jirani yetu seremala alikuwa ameleta makochi yake mawili, mwalimu mstaafu televisheni, na mshonaji wa kona mapazia ya maua. Ndivyo tulivyoishi pale: nyumba moja ikipata mgeni mkubwa, vitu vya nyumba nyingine huhamia humo, kisha hurudi kwao. Hakuna aliyewahi kuuona huo kuwa uongo. Televisheni haikuwa hata na waya, mwalimu aliusahau kwake. Tulipomtoa Baba akae sebuleni kidogo, alizungusha macho, akasema kwa shida yake, "Hapa ni kwa nani?"

Afisa alikuwa dada mmoja mpole, viatu vimejaa vumbi. Aliketi, akazama kwenye kochi, akaanza kusoma maswali.

"Televisheni ipo?"

"Si ndiyo hiyo hapo."

"Makochi?"

"Umekalia, mwanangu."

Nilifungua mdomo, Mama akanikata jicho. Baadaye aliniambia kwamba kumwambia mgeni kiti chake ni cha kuazima ni sawa na kumwambia asimame.

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya ustawi. Mbele ya jina letu paliandikwa: haikupita, mali za nyumbani. Mama alisoma mara mbili.

"Nimejifukuza mwenyewe," alisema. Akavuta pumzi. "Basi nitajirudisha mwenyewe."

Chini ya karatasi hiyo hiyo ilielezwa kwamba asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku kumi na nne, na atasikilizwa na kamati hadharani. Hilo nalo lilikuwa jipya. Zamani ungekata rufaa kwa nani, kwa binamu? Mama aliingia kwa karani.

"Leta ushahidi kwamba vitu si vyako," karani alimwambia.

"Kitu nisicho nacho nitakitolea risiti wapi, baba?"

"Hilo sijui, mama. Fomu inasema ushahidi."

"Haya. Nitauleta."

Na aliuleta. Siku ya rufaa seremala alitangulia na mkokoteni wa makochi, mwalimu akafuata amepakata televisheni kama mtoto mchanga, mshonaji nyuma na mapazia begani. Mlinzi wa ukumbi alitaka kuwazuia. Seremala akamwambia, "Pisha, kaka. Sisi ni ushahidi."

Kamati ilikuwa ya watu watano. Mwenyekiti wao, mama wa makamo, alishusha miwani.

"Hii ni rufaa au mnahama?"

Seremala alipindua kochi akaonyesha alama yake aliyoichonga chini ya mbao. Mshonaji alikunjua mapazia; yalikuwa yamezidi dirisha letu kwa hatua nzima. Mwalimu akasema televisheni ni yake, na kwa ukweli haiwaki tangu mwaka juzi.

"Sasa uliazimisha nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Sura yake."

Watu wakacheka. Mwenyekiti alisubiri watulie, akamgeukia Mama.

"Kwa nini hukumwambia afisa?"

Mama alisimama, mkono kiunoni kwa ajili ya mgongo. "Hakuniuliza ni vya nani. Aliniuliza kama vipo. Kosa nimefanya, sikatai. Ila swali lenu nalo lina kasoro. Mtaa wetu mzima mtauona tajiri, maana makochi hayo hayo yanawatangulia kila mnakokwenda."

Yule dada afisa, aliyekuwa ameketi pembeni, aliinua mkono taratibu. "Ni kweli. Nimeyakalia nyumba tatu. Nilidhani ndiyo fasheni ya huku."

Kamati iliamua nyumba zote za mtaa zitembelewe upya, safari hii bila taarifa.

"Bila taarifa?" Mama alisema. "Basi chai mtakunywa mmesimama."

Afisa alipokuja alimkuta Mama akimgeuza Baba. Aliweka tableti sakafuni, akashika upande wa pili. Wiki iliyofuata muuguzi alifika, na kufikia mwezi wa pili kidonda kilikuwa kimefunga.

Mama aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Moyo ulisimama asubuhi moja, pasi ikiwa bado ya moto. Niliiondoa kabla shati la mtu halijaungua, kwa sababu najua angeniuliza.

Siku ya tatu ya msiba, dada yule alikuja kuandikisha kwamba sasa anayemtunza Baba ni mimi. Sebule ilijaa watu na vitu vya majirani. Alitoa pole, akanisomea maswali kwa sauti ya chini, na moja sikuwahi kulisikia:

"Vitu vilivyomo ni vya kaya, au vimeazimwa?"

"Hilo liliingia lini?"

"Mwaka ule ule. Ofisini tunaliita swali la Mama Pasi."

Nilimwonyesha kochi la seremala, akaketi.

"Vimeazimwa," nilimjibu. "Andika meza ya pasi tu, ndiyo yetu."

Akaandika. Zile saa mbili za Baba zilikuwa zimetimia, kwa hiyo tuliinuka, tukaenda kumgeuza Baba.