Ndoo Mbili za Maharagwe

Wachira alingoja saa ya chai, watu wote wakiwa wamekaa kwenye mabenchi na vikombe mkononi, ndipo akasema, "Kuna mtu hapa anamwagilia maharagwe kwa siri. Na mtu huyo ni Mama Lenox."

Namalwa, mama yake Lenox, alikuwa ameuma andazi. Alilitafuna mpaka mwisho, akameza, akafuta mafuta vidoleni, kidole kimoja kimoja. Miaka sita alikuwa kibarua katika shamba hilo la utafiti, juu kidogo ya Dagoretti Corner, na hakuwahi kuitwa mwongo.

"Umeniona?" akauliza.

"Sina haja ya kukuona. Mizani imekuona."

Ulikuwa mwaka wa 2009, wa ukame. Kule Woodley, alikopanga chumba cha nyuma, mfereji ulikuwa ukikohoa hewa tu, na foleni ya mitungi ilianza kabla ya jua. Hapo shambani Dokta Wamucii alikuwa amesimamisha mahema mawili ya nailoni, kila moja na ndoo ishirini za udongo zilizopandwa maharagwe. Hema la kwanza lilikuwa na hewa hii tunayovuta sote. La pili lilipulizwa gesi ya kaboni kutoka kwenye silinda, ile ile inayotoka puani mwetu na kwenye ekzosi za magari. Dokta alisema hewa ya wajukuu wetu itajaa gesi hiyo, na mvua itakuwa ya kubahatisha, kwa hiyo alitaka kuona maharagwe yatafanyaje. Maji yakakatwa kwenye mahema yote mawili. Kila asubuhi Namalwa alipima ndoo moja moja na kuandika uzito.

Siku ya tano, ndoo za hema la gesi zilikuwa nzito kuliko zile nyingine, karibu nusu kilo kila moja. Dokta alikuwa safarini Busia, simu haishiki. Wachira, nyapara mpya aliyehamishwa kutoka upande wa ng'ombe, akajitafutia jibu mwenyewe.

"Umeyaonea huruma," akasema, akitoa karatasi mfukoni. "Nyinyi akina nyanya mna roho nyepesi. Weka sahihi kwamba umekosa, uende nyumbani polepole."

Namalwa aliisoma yote, mistari mitatu, akaikunja vizuri, akamrudishia. "Siweki."

"Mama, usinipandishe presha."

"Presha ni yako, jina ni langu. Nikitoka hapa kama mwizi wa maji, mwaka kama huu, nani Ngong Road nzima atanipa hata kazi ya kufua? Sikiliza. Dokta alinionyesha. Chini ya jani kuna vinywa vidogo, macho hayavioni. Jani huvifungua livute ile gesi, ndiyo chakula chake, na maji hutorokea hapo hapo. Gesi ikiwa tele, litaacha vinywa wazi kutwa kwa nini? Linafunga kidogo, maji yanabaki kwenye udongo."

"Maharagwe yana midomo!" Wachira akawageukia wengine. "Kesho tutaambiwa yana meno ya dhahabu."

Walicheka. Hata Zedekiah, askari wa lango, alichekea ndani ya kikombe.

"Chekeni, mkimaliza tupime," Namalwa akasema. "Kuna ndoo za maharagwe za pembeni huko nje, zile hazihesabiwi. Chagua mbili zinazolingana. Mwagilia wewe, pima wewe, weka moja kila hema, funga kufuli, ufunguo ulale mfukoni mwako. Mimi nitakaa langoni na Zedekiah siku nne, nisiguse hata jani. Nikishindwa nitaweka sahihi, na kidole gumba juu yake."

Wachira alichagua mwenyewe. Kila ndoo kilo kumi na mbili kamili.

Namalwa alikaa langoni akifuma sweta ya mjukuu, sufu ya buluu. Siku ya tatu, adhuhuri, aliona kupitia nailoni majani ya hema la gesi yamelegea kama masikio ya mbuzi. Mkono wake ulipoteza mishono minne. Akaifumua, akaanza tena mstari ule.

Siku ya nne, saa ya chai, Wachira alileta mizani mbele ya mabenchi. Ndoo ya hema la kwanza: kilo kumi nukta moja. Ya hema la gesi: kumi nukta sita. Akaigonga mizani. Akapima upya. Akainua ndoo kuchungulia chini yake.

"Ufunguo ulikuwa kwa nani?" Zedekiah akauliza, safari hii bila kucheka.

"Wala msifurahi sana," Namalwa akasema. "Hata haya yatanyauka mvua ikikataa. Yanachelewa tu."

Wachira aliirarua karatasi yake. "Haya basi. Rudi kazini."

"Bado. Yale maneno uliyasema hapa, mbele ya hawa. Yarudishe hapa."

Wachira akatazama viatu vyake, akanong'ona kitu kuelekea kola ya shati.

"Sauti, Wachira," Namalwa akasema, akinyoosha mkono kuchukua andazi. "Siku ile ulikuwa nayo."